Ndizi, Moto na Sheria: Kwa Nini Karagwe Haina Port Yake

Kila mwisho wa mwaka wapenzi wa mvinyo huulizana swali moja: ule mvinyo mtamu, mzito, wenye nguvu, wa kunywa kidogo kidogo baada ya chakula, unapatikana wapi kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu? Wanamaanisha port ya Ureno na ndugu zake: Madeira, sherry ya Uhispania, Marsala ya Sicily. Dar es Salaam utaikuta chupa kwenye supamaketi kubwa, na bei yake utaisoma mara mbili. Kayanga, Nkwenda au vijiji vya Rugera, wala usijisumbue kuuliza.

Ila swali hilo likifika Karagwe na Kyerwa linageuka kuwa swali la historia. Ukiiangalia vizuri, port ni vitu viwili vilivyounganishwa: maji ya tunda yaliyoanza kuchacha, na spiriti iliyopikwa kutokana na tunda hilohilo. Huku vyote viwili vipo. Maji ya ndizi yanakamuliwa tangu enzi za wafalme, na moto wa kupikia pombe kali umewaka kwa vizazi kadhaa. Kilichokosekana zaidi ni ruhusa ya kuviweka kwenye chupa moja.

Tuanze na Wareno wenyewe, maana hata neno letu mvinyo limetoka kwao, kwenye *vinho*. Karne ya 17 Waingereza walikuwa wakigombana na Ufaransa mara kwa mara, na kila ugomvi ulipopamba moto mvinyo wa Bordeaux uliadimika au ulitozwa ushuru mkubwa. Wafanyabiashara wakageukia bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Mwaka 1703 nchi hizo mbili zilitia saini Mkataba wa Methuen: mvinyo wa Ureno ungeingia Uingereza kwa ushuru pungufu kwa theluthi moja ukilinganisha na wa Ufaransa. Kwa hiyo kabla port haijasifiwa kwa ladha, ilisaidiwa na kodi.

Tatizo likabaki safari. Mvinyo wa kawaida ulichacha kupita kiasi melini na kufika ukiwa siki. Dawa ikawa kuongeza brandi. Baadaye wakagundua kwamba brandi ikiwekwa mapema, wakati sukari ya zabibu bado haijaisha, chachu hufa na utamu hubaki. Leo kwa kawaida brandi huchukua kama sehemu moja kati ya tano za mchanganyiko, na kilevi hufika asilimia 19 hadi 22. Mwaka 1756 serikali ya Marquis wa Pombal ikaweka mipaka rasmi ya eneo la Douro na kampuni ya kusimamia biashara, kwa sababu wajanja walishaanza kuchakachua. Yaani jina kubwa la port lina baba watatu: tunda, moto na sheria.

Sasa turudi Karagwe. Novemba 1861 John Hanning Speke na mwenzake Grant walifika kwa mfalme Rumanyika, na kitabu ambacho Speke alikitoa mwaka 1863 kinaitaja sana pombe ya ndizi. Hakuwa mgeni wa kwanza. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu, wakinunua pembe za ndovu. Shanga, nguo na waya wa shaba vilipanda kutoka pwani, pembe zikashuka. Pombe ya ndizi haikushuka na misafara hiyo, na sababu ni ileile iliyowasumbua watu wa Douro: haikai.

Anayejua kutengeneza rubisi anajua kwa nini. Ndizi za pombe, embire, huivishwa kwenye shimo lililotandikwa majani au juu ya jiko. Huwekwa kwenye mtumbwi wa mbao na kukamuliwa pamoja na nyasi, juisi huchujwa, kisha huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Usiku mmoja au miwili, pombe iko tayari. Kilevi chake hukaribia cha bia. Siku chache mbele inakuwa chungu na kali, na hapo hata mgeni asiyechagua hataigusa. Ni kinywaji cha leo na kesho, cha posa, cha msiba, cha kumheshimu mkubwa. Thamani yake yote ilikuwa katika kunywewa pamoja kabla haijaharibika, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuifanya idumu miaka.

Mvinyo unaodumu uliingia Kagera kwa mlango mwingine, wa kanisa. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowazoea kwa jina la White Fathers, walifungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Misa haiendi bila mvinyo wa zabibu, na hiyo haina mjadala: ndizi haikubaliki altareni. Shirika hilo lilikuwa na mashamba yake ya mizabibu Algeria na Tunisia. Roma nayo iliruhusu mvinyo wa misa uongezewe spiriti ya zabibu kwa kiasi, ili usiharibike. Wakatoliki wengi wa kizazi hicho, kama walikutana kabisa na mvinyo mtamu wa kudumu, walikutana nao mikononi mwa padri.

Nje ya kanisa, mlango ulifungwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza katazo hilo. Kulikuwa na hoja ya kweli ya afya ndani yake. Lakini utekelezaji wake ulikuwa wa rangi: Mzungu alikunywa port na wiski klabuni, Mwafrika akaachiwa pombe ya kienyeji, tena kwa kibali. Justin Willis, katika *Potent Brews*, kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya ulevi Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi kinywaji kilivyokuwa njia ya kugombania mamlaka: nani anywe, nani auze, nani aitwe mlevi.

Katazo halikuzima moto. Ufundi wa kupika pombe kali ulienea, na Kagera ndizi ikawa malighafi ya asili kabisa. Rubisi iliyopita siku zake haikumwagwa tena, iliingia kwenye mtungi au pipa, ikachemshwa, mvuke ukapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji. Wahaya wakauita mtonesho huo enkonyagi, kutokana na *cognac* ya Wafaransa. Sehemu nyingine tunasema gongo, au moshi.

Uhuru ulipokuja, nchi mbili zinazotazamana juu ya mto Kagera ziliamua mambo yanayofanana kwenye karatasi na tofauti kabisa mtaani. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, ilitunga sheria ya enguli: mpikaji mwenye leseni auze mtonesho wake kiwandani, usafishwe tena, uingie kwenye chupa. Hivyo ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Moshi mwaka 1966, iliyofanya kutengeneza, kuuza au kukutwa na moshi bila leseni kuwa kosa. Kwa mama wa kijijini leseni hiyo ilikuwa kama haipo. Konyagi ya chupa ikawa ya kiwanda cha Dar es Salaam. Enkonyagi ya Kagera, yenye jina hilohilo, ikabaki ya polisi na faini.

Tusidanganyane, Uganda nayo haikupona. Wapikaji wengi waliendelea nje ya leseni, na mwaka 2010 waragi iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu wilayani Kabale, safari ya siku moja tu kutoka daraja la Murongo. Upande wetu, Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya peremende. Hapo ndipo unaona uzito wa swali la bei nafuu. Mtu asiye na hela akitaka kitu chenye nguvu, hakosi. Tofauti ni kama kilichomo kimepimwa na mtu anayewajibika, au hakijapimwa na mtu yeyote.

Kuna mahali Tanzania ilifanikiwa. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, Dodoma, miaka ya 1950, na zao likasambaa kwa wakulima wadogo. Jua la Dodoma huwapa mavuno mawili kwa mwaka, na zabibu nyekundu ya Makutupora imekuwa jina la nyumbani. Mvinyo mtamu wa huko, kuanzia ule unaouzwa kwa jina la altare hadi Dompo, ndio jibu la kweli kwa Mtanzania anayetafuta ladha ya jamii ya port bila kuvunja benki ya familia. Si port. Ila ni mtamu, unapatikana, na hela inabaki kwa mkulima wa hapa.

Na ulisaidiwa na kitu kilekile kilichowasaidia Wareno mwaka 1703: kodi. Ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 uliwekwa kuwa shilingi 200 kwa lita, wakati mvinyo mwingine ulitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Miaka ya karibuni unafuu huo ulipanuliwa hadi kwa mvinyo wa matunda mengine ya ndani, ndizi ikiwemo. Arusha tayari kuna kiwanda kinachotengeneza mvinyo wa ndizi kwa chupa.

Kwa hiyo port ya ndizi kutoka Karagwe si ndoto ya mlevi. Sayansi yake ni ileile ya Douro: simamisha uchachu kwa spiriti safi, utamu ubaki, chupa ikae. Inahitaji ushirika wa wakamuaji, kiwanda kimoja cha kutonesha chenye leseni na vipimo, mapipa na uvumilivu. Inahitaji pia migomba, na hilo tusilichukulie poa: mnyauko wa bakteria uliingia Kagera mwaka 2006 na umewang'oa wakulima wengi mashamba yao. Zaidi ya yote inahitaji serikali imwone mama anayepika enkonyagi kama fundi wa kufundishwa, badala ya mhalifu wa kukimbizwa migombani.

Kwa sasa mtu wa Rugera anayetaka glasi ndogo ya kitu kitamu baada ya matoke atanunua chupa ya Dodoma, iliyovuka nusu ya nchi kwa lori. Embire zinaiva nyuma ya nyumba yake.