Nuru ya Maandiko katika Lugha ya Pwani

Zaburi ya 119 inalifananisha neno la Mungu na taa immulikiayo msafiri mahali pa kukanyaga. Mfano huu una sharti ndani yake. Taa iliyofunikwa haimwongozi mtu, na maandiko yasomwayo katika lugha asiyoifahamu msikilizaji ni taa iliyofunikwa. Kwa hiyo habari za Mkristo wa Afrika ya Mashariki kutafuta uongozi katika Biblia haziwezi kutengwa na habari za Biblia kutiwa katika Kiswahili. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka mia moja, tokea 1844 hata 1952, na katika muda huo wote swali moja lilirudi mara kwa mara: Kiswahili cha nani?

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa katika mwaka wa 1844. Kabla mwaka haujakwisha alikuwa amewazika mkewe, Rosina, na binti yao mchanga. Mwaka huo huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na msaidizi wake alikuwa Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Sura tatu za kwanza zilipigwa chapa Marekani mwaka wa 1847. Yafaa jambo hili likumbukwe: mlango wa Biblia katika Kiswahili ulifunguliwa na Mkristo mgeni na Mwislamu mwenyeji wakifanya kazi pamoja. Imani zao zilikuwa mbali mbali, walakini wote wawili waliamini kwamba Mungu husema na watu kwa maandiko.

Johannes Rebmann alimfuata Krapf mwaka wa 1846, akakaa nchini karibu miaka thelathini. Macho yake yalififia, na mwaka wa 1875 alirudishwa kwao hali haoni. Tafsiri yake ya Injili ya Luka ilipigwa chapa mwaka wa 1876, naye alifariki mwaka huo huo. Injili hiyo ndiyo isimuliayo jinsi Yesu alivyosoma katika sinagogi la Nazareti chuo cha nabii Isaya, penye ahadi ya vipofu kupata kuona. Mtu aliyepoteza nuru ya macho aliwaachia wengine maneno hayo ili wayasome.

Huko Unguja, Edward Steere aliwasili mwaka wa 1864 pamoja na Askofu Tozer. Yeye naye alitafuta msaada kwa wenyeji. Sheikh Abdulaziz, mwanachuoni mwenye sifa, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka katika Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi. Kazi ilikwenda polepole, maana sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Tena Steere aliona kwamba lugha ile ilikuwa ya kitaalamu mno kwa watu aliokusudia kuwafundisha. Hapo pana uamuzi mzito. Uzuri wa lugha ulipimwa kwa mizani ya mtu mnyonge: je, atafahamu?

Wanyonge hao walikuwapo mbele yake. Mwaka wa 1864 Seyyid Majid alimpa Tozer wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka wa 1879, mwaka ambao Steere alikamilisha Agano Jipya. Si vigumu kuwaza maana ya habari za Waisraeli kutoka Misri kwa mtu aliyepata kuuzwa, au maana ya kuweza kujisomea habari hizo bila kungoja kuambiwa. Kanisa kuu lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka wa 1873. Steere alifariki mwaka wa 1882, na Biblia nzima ilitoka mwaka wa 1891 kwa juhudi za wenzake.

Nuru hiyo haikukaa pwani tu. Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka wa 1878, alianza kufundisha kwa vitabu vya Kiswahili kabla ya Injili kupatikana katika Kiganda. Wanafunzi wa dini huko walikuja kuitwa wasomaji, na jina hilo halikuwa la mchezo: tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu miongoni mwao waliuawa.

Walakini taa zilipozidi, mianga ilipishana. Biblia ya Steere ilikuwa ya Kiunguja. Mombasa nako ilitoka Biblia nzima ya Kimvita mwaka wa 1914. Karl Roehl naye akatoa yake mwaka wa 1937, akipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu kwa kuamini kwamba watu wa bara wangefahamu zaidi yale ya Kibantu. Nia yake ilikuwa ile ile ya Steere, lakini alisahau jambo moja: neno likiisha kusaliwa na watu muda wa miaka hamsini, limekuwa lao, hata kama asili yake ni ya ng'ambo.

Tafsiri ya pamoja, iliyoitwa Union Version, ilikamilika mwaka wa 1952. Ilisimama juu ya Kiswahili sanifu chenye asili ya Kiunguja, ikayaacha mahali pake maneno kama imani, dhambi, neema na nuru. Baadaye, katika miaka ya 1990, ilitoka Biblia Habari Njema kwa lugha nyepesi zaidi, wala ile ya 1952 haikuachwa. Kila kizazi hulazimika kuuliza tena swali la Steere. Mkristo afunguaye Biblia ya Kiswahili kutafuta njia yake anaangaziwa na taa iliyotiwa mafuta na mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya masheikh.