Shanga za Kabogo: Maneno ya Kale katika Dini Mpya, Ujiji na Pwani ya Ziwa Tanganyika

Mapema mwezi wa Novemba 1871, msafara wa Henry Morton Stanley ulipokuwa umebakiza mwendo mfupi kufika Ujiji, ulisikika mngurumo wa mbali kama wa radi, na mbingu ilikuwa safi. Stanley akauliza ni nini. Kiongozi wake wa njia, Asmani, akamjibu kwamba ndiyo Kabogo, mlima mkubwa ng'ambo ya ziwa, wenye mapango marefu ambamo maji huingia na kunguruma pepo zivumapo. Akaongeza kwamba vyombo vingi vimepotea mahali hapo, na kwa hiyo Waarabu na wenyeji, wote pamoja, wana desturi ya kutupa majini nguo za merikani na kaniki, na hasa shanga nyeupe, ili kumtuliza mulungu wa ziwa. Atoaye hupita salama, asiyetoa huzama. Watu wengine wa msafara waliowahi kusafiri ziwani walithibitisha habari hiyo, na Stanley akaichapisha mwaka 1872 katika kitabu chake cha safari ya kumtafuta Livingstone.

Habari hii ni fupi, na wasomaji wengi hupita juu yake wakiwa na haraka ya kufika Ujiji. Lakini kwa mwenye kuchunguza asili ya dini na asili ya maneno, ni ushahidi wenye thamani kubwa. Asmani ni Athumani, jina la khalifa wa tatu wa Kiislamu. Mtu mwenye jina hilo asema habari za mwenye ziwa, naye humwita kwa neno lile lile ambalo, likipungukiwa na sauti moja, Waislamu wa pwani humwitia Mola wao.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1874, Luteni Verney Lovett Cameron alitoka Ujiji kwa mitumbwi kwenda kusini, akiufuata ufuko wa mashariki. Huko nako kuna rasi iitwayo Kabogo, ambayo si mlima ule aliosimuliwa Stanley, ingawa jina ni moja. Cameron aliona rasi mbili zilizokaribiana, akaambiwa kwamba moja ni makao ya mume na nyingine ni ya mkewe. Marubani wawili walisimama kwenye omo wakiwa na shanga, wakamsifu mwenye mahali kwa ukuu wake na kwa uwezo wake wa kuua, wakamwomba awaachie njia, kisha wakaziachia shanga majini. Tambiko ni lile lile. Ila Stanley aliandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya mungu, na Cameron akaandika neno lenye maana ya shetani. Ziwa halikubadilika katika miaka mitatu hiyo, wala wapiga makasia hawakubadili imani. Jina lilitegemea kalamu ya mgeni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watu hujadiliana mara nyingi, na kwa ukali, kama dini kubwa za ulimwengu zimetokana na imani za wapagani. Kwa nchi za Babeli, Kanaani na Bara Arabu, mjadala huo hutegemea vibao vya udongo na maandishi ya mawe, maana walioshuhudia wamekwisha kufa zamani. Ujiji kazi ile ile ilifanyika karibu na siku zetu, mbele ya watu wenye kalamu. Burton na Speke walifika mwezi wa Februari 1858, wakakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kupanga nyumba. Katika miaka iliyofuata Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alikuwa mkubwa wao mpaka kufa kwake mwaka 1885. Wamisionari wa London Missionary Society walifika mwezi wa Agosti 1878, na Mapadre Weupe mwanzoni mwa 1879. Katika muda usiozidi nusu karne dini mbili kubwa zilikuja kukaa katika nchi ambayo Waha na Wajiji walikuwa na Imana wao, mizimu yao, na wateko wao, yaani wazee wa ardhi waliotoa sadaka kwa ajili ya nchi hata pale mwami alipokuwa ni mtu wa ukoo mwingine. Yafaa basi kutazama ni nini kilichochukuliwa, na kutoka wapi.

Jambo la kwanza ni jina lenyewe la Mungu. Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, aliliandika Muungu, kwa u mbili. Maandishi hayo yaonyesha pengo la konsonanti iliyoanguka. Kiswahili kimeacha l katikati ya irabu katika maneno mengi: Wamijikenda husema nzala na kukala, Waswahili husema njaa na kukaa. Kwa njia hiyo hiyo Mulungu wa Wamijikenda, wa Wayao na wa watu wengi wa bara amekuwa Muungu, kisha Mungu. Asmani, au wale aliojifunza kwao habari za ziwa, alilitamka neno kwa umbo la bara.

Na sarufi hutunza jambo ambalo theolojia imelisahau. Wingi wa Mungu si *wungu wala *waungu, bali ni miungu, kama mti na miti, mto na mito, moto na mioto. Tena kama mzimu na mizimu. Neno lina umbo la ngeli isiyo ya watu. Alexander Hetherwick, aliyeishi kati ya Wayao, alilitazama jambo hili mwaka 1902, akaona kwamba kwao Mulungu hakuwa lazima mtu mmoja mwenye nafsi. Neno liliweza kuwa na maana ya jumla ya roho za waliokufa, au hali ya uroho yenyewe. Waislamu wa pwani walipolitia neno hilo katika tauhidi, walimpa Mungu viambishi vya mtu: Mungu amesema, Mungu ameumba. Umbo la wingi likabaki lilivyokuwa. Ndiyo sababu mpaka leo mwandishi husitasita kati ya miungu wengine na miungu mingine, na tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 imechagua ya pili. Kusitasita huko si uzembe. Ni kovu la mahali neno lilipokatwa na kuunganishwa upya.

Mtu asidhani kwamba hili ni jambo la Waafrika peke yao. Wulfila, alipofasiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, alitumia neno ambalo ndilo ndugu wa jina la Mungu katika Kiingereza na Kijerumani. Neno hilo lilikuwa na umbo la jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, nalo katika wingi lilitumiwa kwa miungu ya wapagani. Kwa Mungu wa Wakristo likapewa upatanisho wa kiume. Yaliyofanyika kwenye ukingo wa Danube na yaliyofanyika pwani ya Afrika ya Mashariki ni tendo moja. Hali kadhalika kwa Waebrania: vibao vya Ras Shamra, vilivyoanza kufukuliwa mwaka 1929, vimeonyesha kwamba El lilikuwa jina la mkuu wa miungu ya Kanaani, kabla halijawa mojawapo ya majina ya Mungu wa Israeli. Na jina la Allah lilijulikana Makka kabla ya Uislamu. Baba yake Mtume mwenyewe aliitwa Abdullah. Kurani hailifichi jambo hilo. Husema kwamba washirikina, wakiulizwa nani aliyeziumba mbingu na nchi, watajibu kwamba ni Allah, ila walimshirikisha. Mwenye kudhani kwamba amefichua siri ya kuuangusha Uislamu kwa kuonyesha umri wa neno hilo, hakukisoma Kitabu.

Makosa ya upande wa pili yalionekana Rwanda, jirani wa Buha, ambako watu hutumia jina lile lile la Imana. Wamisionari wa Kikatoliki wa mwanzo walilihofia, kwa kuwa lilikuwa limefungamana na uaguzi na mambo ya jadi; wakaleta badala yake neno la Kiswahili, Mungu, wakidhani ni safi. Baadaye Kanisa lililirudia neno Imana. Kwa mtu wa lugha, kisa hiki kina ucheshi wake: waliukimbia upagani wa jina moja, wakaingia katika upagani wa jina jingine, ambao hawakuuona kwa sababu Waislamu walikuwa wamekwisha kuuosha.

Maneno mengine hayahitaji maelezo marefu. Muislamu wa Ujiji hutumaini kuingia peponi, na pepo ni neno la Kibantu la upepo na la roho zipandazo watu vichwani. Mkristo hukiri kwamba Kristo alishukia kuzimu, na kuzimu ni mahali pa mizimu. Mtume ni Mbantu. Nabii ni Mwarabu. Kwa jumla, kanuni na ibada zilikuja na maneno yake kutoka ng'ambo: sala, dhambi, toba, malaika, shetani. Lakini kwa mahali waendapo wafu, na kwa Yeye aliye juu ya vyote, watu walibaki na maneno ya baba zao.

Basi ikiwa maneno yamerithiwa hivyo, je, na hadithi? Hapa yatakiwa tahadhari zaidi, na Ujiji ina mfano wake.

Stanley alirudi Ujiji mwezi wa Mei 1876, akaandika hekaya ya Wajiji juu ya chanzo cha ziwa. Zamani, pale palipo maji palikuwa na uwanda mpana wenye watu na ng'ombe wengi, na mji mkubwa wenye nyumba zilizozungushiwa nyua. Katika ua mmoja mume na mke walikuwa na kisima kirefu chenye samaki wasiohesabika. Tangu mababu waliagizwa kwamba siku mgeni atakapoonyeshwa kisima hicho, ndiyo siku ya maangamizi yao. Mke akampenda mwanamume mwingine, akamlisha samaki, na mume alipokuwa safarini akampeleka kukiona kisima. Yule mtu akanyosha mkono amguse samaki. Papo hapo nchi ikapasuka, uwanda ukadidimia, maji ya kisima yakafurika yakalijaza bonde. Mume aliporudi alikuta ziwa.

Ni rahisi kusema: hii ni gharika ya Nuhu, na yule mke ni Hawa. Tena wakati wenyewe ulivuta watu kusema hivyo. Tarehe 3 Desemba 1872, chini ya miaka minne kabla ya Stanley kuandika hekaya hii, George Smith alikuwa amesoma mbele ya wataalamu wa London habari za gharika kutoka katika vibao vya Ninawi, naye aliwashangaza wasikilizaji wake. Katika vibao hivyo Utnapishtim huonywa na mungu mmoja, hujenga chombo, huingiza viumbe, hutua mlimani, hutoa njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru, na mwisho hutoa sadaka, nayo miungu hunusa harufu yake. Mwanzo ina chombo, mlima, kunguru na njiwa, na Mungu kunusa harufu ya sadaka. Habari nyingine ya Babeli, ya Atrahasis, ina nakala za karne ya 17 kabla ya Kristo. Vipande vinavyolingana ni vingi mno, na mpangilio wao ni mmoja mno, hata haiwezekani kukanusha udugu. Kurani nayo ina safina, na mlima wake ni Judi.

Hekaya ya Ujiji haina safina. Haina ndege, haina mlima wa kutua, wala mtu mwema aliyechaguliwa aokoke. Maji hayatoki mbinguni, hutoka chini. Na kosa si uovu wa wanadamu wote, bali ni kufichua siri ya ukoo mmoja. Kilichobaki cha kulinganisha ni maji tu, na maji hayathibitishi chochote kwa watu wanaoishi kando ya ziwa ambalo kina chake kinapita mita 1,400.

Ndugu wa hekaya hii hupatikana kwingine. Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, ameandika habari za ziwa dogo la Dilolo, mbali sana upande wa magharibi. Mtawala mwanamke, Moene Monenga, aliomba chakula katika kijiji kimoja, akanyimwa. Akaimba, na kijiji kikazama pamoja na watu, kuku na mbwa wake. Mkuu wa kijiji hakuwapo. Aliporudi alikuta maji mahali pa jamaa yake, naye akajitupa humo. Hapa pana mji uliozama, maji ya chini, kosa la nyumbani, na mwanamume arudiye nyumbani akakuta ziwa. Wakati Livingstone alipopita Dilolo hapakuwa na misheni karibu wala msikiti. Kwa hiyo hekaya ya Ujiji ina ukoo wake katika bara lenyewe, na hakuna haja ya kuipeleka Ararati kutafuta baba.

Tofauti kati ya mambo haya mawili yafaa kushikwa sana. Neno Mungu lina historia inayofuatika sauti kwa sauti, kutoka Mulungu mpaka Muungu. Gharika ya Taurati ina historia inayofuatika tukio kwa tukio mpaka Babeli. Kisima cha Wajiji hakina mojawapo ya njia hizo za kukifikisha kwa Nuhu, na wale wanaokusanya gharika za mataifa yote katika orodha moja, wakizihesabu kama shahidi mmoja kwa wingi wake, huchanganya mizani mbili.

Jambo moja lingeweza kuongeza nuru. Agizo la mababu juu ya kisima lilitoka kwa nani: kwa Imana, kwa mzimu wa mahali, au kwa mulungu yule wa Asmani mwenye kupokea shanga? Stanley alichapisha hekaya kwa Kiingereza tu. Maneno ya msimulizi, kwa lugha aliyoitumia siku ile, hakuyachapisha.