Ndani ya Mapango ya Amboni

Ukishika barabara itokayo mjini Tanga kuelekea Horohoro na Mombasa, msomaji, utakwenda yapata kilomita 8 tu kabla ya kuonyeshwa njia ya mapango ya Amboni. Vaa viatu visivyoteleza, wala usione haya kuinama, kwani humo ndani mkubwa na mdogo hupita kwa unyenyekevu ule ule.

Mwongoza wageni atakutangulia na taa. Mara jua litakuacha, na juu ya kichwa chako utasikia popo. Hapo atamulika ukuta na kukuambia, huyu ni simba, ile ni meli, na kile ni kilele cha Kilimanjaro. Tazama kwa furaha, lakini ujue kuwa mchongaji wa sanamu hizo zote ni maji. Jiwe la Amboni ni chokaa iliyofanyika chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yapitapo udongoni huchukua hewa ya ukaa, yakawa makali kidogo, yakalila jiwe pole pole mpaka likawa na vyumba. Kisha kila tone lining'iniapo darini huacha chembe ya chokaa. Chembe juu ya chembe huota jino la kushuka, na chini yake jino la kupanda, na yakikutana huwa nguzo. Usiyaguse, maana mafuta ya mkono huyaharibu.

Mbele kidogo utaonyeshwa mzimu. Utaona sarafu na chupa za marashi zilizoachwa na watu waliokuja kuomba mtoto au afya. Hata kama dini yako ni nyingine, shusha sauti.

Kisha utafikishwa kwenye shimo jeusi, na kuambiwa kwamba njia yake hutokea Mombasa. Wengine hutaja Kilimanjaro, na kusimulia Wazungu wawili walioingia na mbwa wao wasionekane tena, ila mbwa akatokea mbali sana, peke yake. Kisa ni kitamu. Walakini vipimo havikikubali. Mwaka 1994 wataalamu wa Ujerumani na Uturuki waliyapima mapango haya, wakaona kuwa ni kumi yaliyoachana, na lililo refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Kutoka Tanga hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 100.

Je, tukitupe kisa hicho? Mimi nasema tusifanye haraka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kupiga mstari kutoka pwani hadi ziwa Viktoria, na Wadigo wakagawanywa, hawa upande wa Tanga, hawa upande wa Kwale, bila ya kuulizwa. Ndugu, biashara na arusi ziliendelea kuvuka mstari huo kama zamani. Basi habari ya njia ya chini kwa chini haitufundishi lolote juu ya jiwe, lakini yaonyesha jinsi watu wa pwani walivyozoea kuihesabu miji hii miwili kuwa vyumba vya nyumba moja. Hayo ni maoni yangu. Mwongozaji wangu hakuyapenda; alishikilia kwamba njia ipo.

Kisa cha mwisho kina majina. Osale Otango na Paulo Hamisi walijificha humu kati ya mwaka 1952 na 1956, wakati Kenya ilipokuwa katika hali ya hatari. Husimuliwa kwamba waliwanyang'anya matajiri na kuwagawia maskini, na wako wamhesabuo Otango miongoni mwa wapiganaji wa Mau Mau. Kwa serikali ya kikoloni walikuwa majambazi wa kusakwa. Usomapo habari za siku zile, kumbuka kwamba wenye kalamu na karatasi walikuwa ni wale wale waliosaka. Waliosakwa wametuachia masimulizi ya mdomo, na masimulizi hukua, kama yale meno ya chokaa.

Kabla ya kutoka, mwombe mwongozaji azime taa. Hutauona hata mkono wako mwenyewe. Keti kidogo, umfikiri mtu aliyelala humu usiku baada ya usiku, akisikiliza kama sauti ile ni ya tone la maji au ni ya kiatu cha askari.