Vipuri vya kusubu: Faida na hatari ya kutegemea karakana moja

Wakazi wa Newala na vijiji vingi vya uwanda wa juu wa Makonde hutegemea maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Kipuri kimoja cha pampu kikivunjika, kaya hulazimika kununua maji kwa ndoo au kuyafuata mbali. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa nani atengeneze kipuri si jambo la wahandisi peke yao.

Vipuri vingi vya namna hiyo hupitia hatua mbili. Kwanza ni kusubu, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu ya mchanga iliyoumbwa kwa mfano wa mbao. Pili ni kukereza, yaani kukata na kulainisha kipande hicho kwa mashine hadi kifikie vipimo.

Hatua hizo hutegemeana. Chuma cha kusubu hunywea kwa takriban asilimia 1 kinapopoa, na chuma cha pua kwa takriban asilimia 2. Kwa hiyo mfano wa mbao hufanywa mkubwa kidogo kuliko kipuri, na huongezwa milimita chache zitakazoondolewa na mkerezaji.

Kazi ikigawanywa kwa karakana mbili, ugomvi huanzia hapo. Matundu ya hewa yaliyojificha ndani ya chuma mara nyingi huonekana baada ya kukerezwa. Msubu humlaumu mkerezaji, naye mkerezaji humlaumu msubu. Mteja wa Masasi au Lukuledi, aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, hubaki akilipia usafiri mara ya pili. Karakana moja inayofanya yote hukosa wa kumsukumia lawama, na kasoro huirekebisha yenyewe.

Hata hivyo, mtengenezaji mmoja akifunga milango au kupandisha bei, mteja hukwama. Mikoa ya Mtwara na Lindi inalifahamu suala hilo, kwani mradi wa maji uliofadhiliwa na Finland kuanzia miaka ya 1970 ulifunga pampu za mkono aina ya Nira zilizobuniwa nchini humo. Katika miaka ya 1980 pampu ya Afridev ilibuniwa Afrika kwa njia tofauti: michoro yake iliachwa wazi, ili kiwanda chochote kiweze kuitengeneza pamoja na vipuri vyake.

Funzo ni kwamba kazi yaweza kukabidhiwa karakana moja, lakini si umiliki wake. Mkataba ueleze kuwa michoro na mfano wa mbao ni mali ya mteja, aina ya chuma itajwe kwa maandishi, vipimo vikaguliwe kabla ya kipuri kusafirishwa, na sehemu ya malipo izuiwe hadi pampu ifanye kazi. Hapo karakana ikishindwa, mteja huchukua mfano wake na kwenda kwingine.