Nyonga Haisomeki Ikiwa Mfupa Mkavu

Vitabu vingi vya anatomia huupanga mwili mfumo kwa mfumo. Mifupa hutangulia, na viungo vya uzazi huja mwishoni, baada ya figo na kibofu. Kwa hiyo mwanafunzi wa ukunga hukutana na nyonga mara mbili: kwanza kama orodha ya majina ya mifupa, kisha, muda mrefu baadaye, kama mchoro hafifu nyuma ya mji wa mimba. Mpangilio huo haudhuru ukifundisha kiwiko. Kwa nyonga ya mwanamke unadhuru, kwa sababu hapo mifupa na viungo vya uzazi vina kazi moja, na kazi hiyo haionekani mpaka kichwa cha mtoto kiwepo njiani.

Chukua vipimo ambavyo kila mwanafunzi hukariri. Mlango wa juu wa nyonga una wastani wa sentimita 13 kutoka ubavu hadi ubavu, na 11 kutoka mbele kwenda nyuma. Mlango wa chini umegeuka: 11 kwa upana, 13 kutoka mbele kwenda nyuma. Kichwa cha mtoto kilichoinama vizuri, kidevu kifuani, hupita kwa kipenyo cha sentimita 9.5. Kikikosa kuinama, kipenyo hicho hufika 11.5, na nafasi iliyokuwa ikitosha inakuwa finyu. Kichwa huingia kikielekea ubavuni mwa mama kwa kuwa huko ndiko kuliko na nafasi, kisha hushuka hadi kwenye sakafu ya nyonga. Hapo misuli hukipokea na kukizungusha hadi kisogo kije mbele, chini ya mfupa wa kinena. Misuli hiyo imejishikiza kwenye kinena na kwenye miiba miwili ya mfupa wa kukalia, miiba ileile ambayo mkunga huipapasa kwa vidole ili ajue kichwa kimefika wapi. Mwalimu akiitenga misuli na mifupa, zile namba nne hubaki hesabu tu.

Mzigo mwingine tuliorithi ni ule wa aina nne za nyonga. Mwaka 1933 Caldwell na Moloy, madaktari wa New York, waligawa nyonga za wanawake kuwa jinekoidi, androidi, anthropoidi na platipeloidi. Ya kwanza ikafanywa kuwa ndiyo ya kike hasa, na nyingine zikasomwa kama upungufu wake. Mwaka 2018 Betti na Manica walichapisha uchunguzi wa mifupa ya wanawake zaidi ya 300 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Waliona kwamba umbo la njia ya uzazi hutofautiana sana kati ya jamii na jamii, na kwamba tofauti ni kubwa zaidi miongoni mwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara. Basi kumtaka mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret achague jibu moja kati ya manne ni kumfundisha kuwatazama wagonjwa wake kwa kipimo cha watu wengine. Binafsi ningelifuta swali hilo kwenye mitihani kesho.

Halafu kuna suala la mwendo. Nyonga ya plastiki iliyo mezani darasani imekazwa kwa skrubu, haichezi. Ya mama mjamzito inacheza: homoni hulegeza kano, kiungo cha kinena hupanuka kwa milimita chache, na sakramu husogea mama akichuchumaa au akipiga magoti. Akilala chali, uzito wake mwenyewe huikandamiza sakramu hiyo. Mwanafunzi aliyeielewa anatomia hii hahitaji kuambiwa kwa nini mama anaomba kuinuka kitandani.

Ndiyo maana neno la wodini, “nyonga yako ni ndogo,” halifai kutamkwa kwa kuangalia kimo peke yake. Kimo cha chini ya sentimita 150 ni sababu ya mama kupangiwa kujifungulia hospitali, na tahadhari hiyo ni ya haki, lakini hukumu hutolewa na uchungu wenyewe. Philpott na Castle walilielewa hilo walipochora, mwaka 1972, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu, ili mkunga aliye mbali ajue mapema nani apewe rufaa. Mama asipopewa rufaa kwa wakati, kichwa hukibana kibofu na uke dhidi ya mfupa wa kinena kwa saa nyingi, damu haipiti, nyama hufa, na tundu la fistula hubaki. Maelezo hayo huwezi kuyapata ukifungua sura ya mifupa peke yake wala ya viungo vya uzazi peke yake.

Mtihani nao unaweza kubadilika bila kusubiri mtaala mpya. Badala ya kudai majina ya mifupa ya nyonga, mpe mwanafunzi patografu ya mama ambaye njia yake imesimama sentimita 7 kwa saa nne, sehemu tatu kati ya tano za kichwa bado zinapapasika tumboni, na mifupa ya fuvu imepandana kiasi cha kutoachanika kwa kidole. Mwambie aeleze kichwa kimekwama wapi, kati ya mfupa upi na upi, na ni nyama gani iliyobanwa hapo katikati.