Malori ya zamani Eastlands: Yanavyodumu, na maswali yanayoibua

MALORI yaliyoundwa kabla ya mwaka wa 1990 yangali yanabeba mchanga, mawe, mbao, maji na takataka katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, miongo kadhaa baada ya baadhi ya viwanda vilivyoyaunda kufunga milango. Machoni pa mgeni ni vyuma chakavu vinavyojikokota. Kwa wenyewe ni mtaji uliokwisha kulipiwa, karo ya watoto na ajira ya dereva, utingo na fundi. Kwa mkazi anayepitwa nayo kila asubuhi ni moshi, na wakati mwingine ni hofu.

Mitaa iliyokuzwa na mizigo

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki mwa katikati ya jiji, kuanzia Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja, Dandora, Kariobangi na Kayole. Mitaa mikongwe zaidi ilijengwa wakati wa ukoloni ili kuwapa makao wafanyakazi Waafrika, karibu na reli na Eneo la Viwanda. Tangu mwanzo, basi, riziki ya wakazi wengi ilifungamana na kupakia, kupakua na kusafirisha.

Jina la Kariokor ni ushahidi wa hayo. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika Vita vya Pili, kati ya 1939 na 1945, mzigo ulikuwa umehama kutoka mabegani hadi kwenye magurudumu, na Waafrika wengi waliosajiliwa jeshini walifunzwa udereva na ufundi wa magari. Baada ya vita, ujuzi huo ulirejea nao nyumbani.

Mabasi nayo yaliacha alama. Kampuni ya Kenya Bus Service, iliyoanza kuhudumu Nairobi mwaka wa 1934, iliwasafirisha wakazi wa Eastlands kwa vizazi kadhaa, na kituo cha OTC, kwenye lango la Eastlands, kingali na jina la kampuni ya mabasi ya zamani. Mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, wenye pikapu na magari madogo ya mizigo waliyajengea bodi na kuyatia viti vya mbao. Kazi ya kuligeuza gari la aina moja kuwa la aina nyingine ikawa biashara kamili.

Bedford, Isuzu na Peugeot

Miongoni mwa malori yanayokumbukwa kwa mapenzi makubwa ni Bedford. Yalianza kuundwa mwaka wa 1931 na kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia takriban malori 250,000 ya chapa hiyo yaliundwa kwa matumizi ya kijeshi. Aina ya J, iliyozinduliwa 1958, ina boneti iliyochomoza mbele ya kabini. Aina ya TK, iliyofuata muda mfupi baadaye, haina pua. Injini yake iko nyuma ya kiti cha dereva na hufikiwa kwa kufungua vifuniko vya ubavuni. Uundaji wa malori hayo chini ya Vauxhall ulikoma mwaka wa 1986. Tangu hapo, anayemiliki Bedford hawezi kutarajia kipuri kutoka kwa aliyeliunda.

Mpinzani wake ni Isuzu ya Japani, hasa aina ya TX yenye boneti ndefu. Mabishano kuhusu lipi bora hayaishi mahali madereva wa zamani wanapokutana, ingawa kwa kweli yote mawili yalikuwa na mkono wa mwenye mali mmoja. Kampuni ya General Motors ya Marekani ndiyo iliyomiliki Vauxhall, na mwaka wa 1971 ilinunua hisa katika Isuzu. Kampuni yake ya Kenya, iliyoanzishwa 1975, ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari jijini Nairobi. Mnamo 2017 Isuzu ilinunua hisa za General Motors katika kampuni hiyo, nayo ikaitwa Isuzu East Africa.

Kwa mizigo midogo, sifa ziliendea pikapu za Peugeot 404 na 504. Jina la 404 lilijengwa na mashindano ya Safari Rally, ambayo gari la muundo huo lilishinda mwaka wa 1963 na kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mkulima au mfanyabiashara aliyesoma matokeo hayo gazetini hakuhitaji tangazo jingine.

Kuusoma umri wa lori

Njia rahisi ya kukisia umri wa gari la Kenya ni kuitazama namba ya usajili. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, namba ilikuwa na herufi tatu na tarakimu tatu pekee. Mnamo 1989 zilianza kutolewa namba zenye herufi moja zaidi mwishoni, kuanzia KAA na tarakimu zake hadi A. Kwa hivyo lori lisilo na herufi ya mwisho limekuwa katika daftari la usajili kwa zaidi ya miaka 35. Magari yanayoanza na KDA yalianza kusajiliwa 2020.

Hata hivyo, namba haisemi yote. Lori lenye namba ya miaka ya 1970 huenda limebadilishiwa injini, giaboksi, kabini na bodi, likabaki na fremu pekee. Kisheria, mwenye gari akibadilisha injini hutakiwa kuandikisha mabadiliko hayo ili stakabadhi zilingane na chuma kilichomo.

Siri ya maisha marefu

Malori hayo hudumu kwa sababu yaliundwa ili yafumuliwe. Fremu yake ni vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama kama ngazi, na kila kitu kimefungwa juu yake kwa bolti. Ikiwa sehemu moja imekufa, huondolewa bila kuharibu nyingine. Dizeli husukumwa na pampu inayozungushwa na injini yenyewe, bila kompyuta wala kihisio cha umeme. Fundi hutambua hitilafu kwa sikio, kwa rangi ya moshi na kwa kugusa.

Mitungi ya injini ikilika, hutobolewa upya au kuvishwa vyuma vipya ndani. Mtaimbo wa injini hukwanguliwa kwenye kerezo na kuwekewa beringi nene zaidi. Springi za mabamba zikilegea, mhunzi huzitia motoni na kuzikunja upya, na bamba lililochoka kabisa hugeuzwa panga au patasi. Bodi hujengwa na seremala na mchomeleaji kwa kipimo cha kazi: mbavu za juu kwa mboga, kuta fupi za chuma kwa mawe, tangi kwa maji.

Kazi hizo zote zinapatikana katika eneo dogo. Kariobangi kuna karakana za vyuma na kerezo. Gikomba kuna mbao. Kamukunji kuna wafua vyuma wa jua kali, ambao walijengewa vibanda baada ya Rais Daniel arap Moi kuwatembelea katikati ya miaka ya 1980. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi hungali wakiiita Grogan, huuza vipuri vipya na vikuukuu. Kipuri kisichopatikana huigwa kutoka kwa kile kilichovunjika. Ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kuharibikiwa na lori asubuhi na kulirudisha kazini jioni, jambo gumu kwa lori jipya linalohitaji mashine ya kompyuta kueleza ugonjwa wake.

Aina mbili za mashabiki

Nairobi ina mashabiki wa magari ya kale wa aina mbili. Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong umekuwa mwenyeji wa maonyesho ya Concours d'Elegance, ambapo magari na pikipiki hupewa alama kwa usafi na hali yake. Huko gari hutunzwa ili litazamwe.

Eastlands shabiki hupenda kinachofanya kazi. Kabini hupakwa rangi mpya, methali huandikwa nyuma, na dereva hujivunia kubadilisha gia bila kuikwaruza, kwa kukanyaga klachi mara mbili kama alivyofundishwa. Ujuzi huo hauna kitabu. Huanza kwa kijana utingo anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu, akapanda cheo hadi kushika spana, hatimaye usukani.

Sheria inasemaje

Mapema katika miaka ya 1990, serikali ililegeza masharti ya uagizaji na magari yaliyotumika, hasa ya Japani, yakaingia kwa wingi. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000, cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kikaweka kikomo cha miaka minane kwa magari makuukuu yanayoingizwa nchini. Kikomo hicho hakikuyahusu yaliyokuwa tayari yamesajiliwa. Hivyo gari la miaka tisa huzuiwa bandarini Mombasa, ilhali la miaka 45 huendelea kupiga kazi Barabara ya Jogoo.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, maarufu kama sheria za Michuki, ziliagiza vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa katika magari ya abiria, na pia katika magari ya biashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 bila mzigo. Magari ya biashara pia hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, jukumu lililo mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012.

Pigo jingine lilitoka kwingineko. Januari 2022, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kufuatia uharibifu wa nguzo na nyaya za umeme, kisha ikairuhusu tena Mei mwaka huo kwa masharti mapya. Marufuku hiyo ilidhihirisha jinsi karakana zinavyotegemea chuma cha mitumba.

Breki na moshi

Wanaotaka malori haya yaondolewe wana hoja nzito mbili. Ya kwanza ni breki. Malori mengi ya zamani yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba likipasuka, magurudumu yote hupoteza breki kwa pamoja. Magari ya baadaye huigawa njia hiyo mara mbili ili upande mmoja ubaki ukifanya kazi. Lori lililojazwa mawe kupita kiasi kwenye mteremko halimpi dereva nafasi ya pili.

Ya pili ni moshi. Mnamo 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kuanzia 2015, Kenya imetumia dizeli yenye salfa chache zaidi, lakini mafuta safi hayaponyi pampu iliyochakaa. Wanaoumia kwanza ni wachuuzi wa kando ya barabara na mafundi wenyewe.

Hata hivyo, kuyaondoa kwa kutazama mwaka wa kuundwa pekee kutamwadhibu anayelitunza lori lake na kumwacha huru mwenye lori changa lisilo na breki. Kipimo cha haki ni ukaguzi wa kweli: breki zipimwe, moshi upimwe, uzito wa mzigo upimwe, na cheti kisitolewe kwa lori ambalo halikufika mbele ya mkaguzi. Litakaloshindwa liende kwa mhunzi, hata kama ni la juzi.

Mwisho wa malori haya utafika. Kiwanda cha Thika kilichoanza katika miaka ya 1970 kama Leyland Kenya sasa kinaunganisha mabasi ya umeme. Kinachostahili kuokolewa mapema ni mikono iliyoyadumisha malori haya: fundi anayeweza kuiga kipuri bila mchoro ni hazina katika nchi inayoagiza sehemu kubwa ya mashine zake. Vyuo vya ufundi vikimpa mwanagenzi wa Kariobangi cheti cha ujuzi alio nao tayari, atakuwa na kazi hata siku Bedford ya mwisho itakapozimwa.