Kumulika si kung'aa

Magazeti yetu yameanza kuandika kwamba taa "inamulika vizuri" pale inapong'aa tu. Naona tunapoteza kitu. Kiatu kilichopigwa rangi hung'aa, dhahabu hung'aa, na uso wa bi harusi pia. Mng'ao hukaa pale pale kwenye kitu chenyewe. Kumulika kuna shabaha. Anayemulika ameelekeza mwanga mahali, na mara nyingi kuna anachokitafuta gizani. Ndiyo maana wahenga wakasema mmulika nyoka huanzia miguuni pake. Ndiyo maana pia simu ndogo yenye tochi, Kenya, ikabatizwa "mulika mwizi": jina zuri mno, kwa sababu mwizi hang'ariwi, humulikwa.

Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alizungumzia, kwa Kiingereza, mwenge wa kuwekwa juu ya Kilimanjaro, akitaka mwanga wake uvuke mipaka; maneno yake yalipowekwa kwa Kiswahili, kitenzi kilichochaguliwa ni kumulika. "Ung'ae" lisingetosha, mwenge ungebaki pambo la mlima.

Jina la kimulimuli, yule mdudu wa usiku, lina asili hiyohiyo ya kumulika. Kumetameta na kumeremeta ni mwanga unaochezacheza, na maneno hayo yanastahili safu yake.